Neno la Juma Hili: "Credit"



Jioni moja alitujia mchuuzi mmoja wa upande wa Butembo, mtu mzima mwenye mvi, na karatasi moja ndani ya mfuko wa nailoni. Aliikunjua polepole, kama mtu afunuaye kidonda mbele ya mganga, akasema: "Mwalimu, naomba uniandikie barua ya Kiingereza. Nataka kumsihi tajiri wa Kampala aningojee miezi mitatu tena. Dola 120 nimekwisha kuzipata, zimebaki 60."

Tukamwuliza, "Baba, deni hilo limetoka wapi?" Naye akatueleza. Alikuwa amenunua Kampala madazeni 60 ya sahani, dola 9 kila dazeni, akalipa fedha taslimu palepale. Alipofika nyumbani na kufungua masanduku, aliona madazeni 20 yamepasuka ukingoni. Safari iliyofuata akayarudisha dukani, pamoja na stakabadhi yake. Mwenye duka akazitazama sahani, akazihesabu, akaandika karatasi, akaigonga muhuri na kumpa mkononi pasipo maneno mengi. Juu yake palikuwa na herufi kubwa: CREDIT NOTE. Na chini yake: dola 180.

Mchuuzi wetu hajui Kiingereza, lakini Kifaransa kidogo cha shule anacho. Na neno "crédit" ni nani katika nchi yetu asiyelijua? Ndilo neno la deni, ndilo lililoandikwa katika vibao vya maduka kuwakataza watu wakopao. Basi akafikiri hivi: "Mzungumzaji huyu amesema mimi ndiye niliyezivunja sahani, na sasa ananidai bei yake." Aliona haya kubishana katika lugha asiyoijua. Akaikunja karatasi, akavuka mpaka wa Mpondwe na Kasindi, akarudi kwake. Tangu siku ile miezi minane ilipita asikanyage tena Kampala. Aliuza mbuzi, akapunguza mboga mezani, na binti yake wa pili akakaa nyumbani muhula mzima, kwa maana karo yake ilitiwa ndani ya kopo ili kumlipa mwenye duka.

Tuliisoma karatasi ile. Twakiri kwamba kwanza tulicheka. Kisha tuliposikia habari ya binti, kicheko kilitukauka. Karatasi haikumdai hata senti moja. Ilisema kinyume kabisa: mwenye duka ndiye aliyekuwa na deni la dola 180, na mchuuzi wetu angeweza kwenda wakati wowote kuchukua bidhaa za bei hiyo bila kulipa.

Ndiyo sababu juma hili twataka kulishika neno hili moja, "credit", na kuligeuza huku na huku mpaka tuone sura zake zote. Wengi wetu huvuka mipaka kwenda Uganda, Rwanda na Tanzania, na watoto wetu hupokea katika simu maneno ya Kiingereza juu ya fedha. Asiyelijua neno hili vema aweza kulia siku ya kupewa na kushangilia siku ya kunyang'anywa.

Tuanze na shina lake. Waingereza walilipata neno hili karne ya 16 kutoka kwa Wafaransa, nao Wafaransa kutoka kwa Waitalia, na wote kutoka Kilatini. Katika Kilatini "credere" maana yake ni kusadiki, kuamini, kukabidhi kitu kwa mtu uliye na imani naye. Wakristo walioimba Misa ya Kilatini hawana haja ya kufundishwa hapa: neno la kwanza la Kanuni ya Imani ni "Credo", yaani Nasadiki. Ni shina lilelile. "Creditum" ni kitu kilichokabidhiwa kwa imani. Basi mwenye duka akupaye kilo ya sukari leo ili ulipe mwisho wa mwezi, amekusadiki. Hajapokea kitu mkononi, ameshika neno lako tu.

Na hapa Kiswahili chatufanya tutabasamu kidogo. Neno letu "kopa" katika kamusi za zamani lina maana mbili: kuchukua kitu ili ulipe baadaye, na pia kudanganya, kumla mtu mali yake. Waroma walipoutazama mkopo waliona imani. Yaonekana wazee wa pwani walipoutazama waliona pia hila. Hatutaki kusema ni nani aliyewajua watu zaidi.

Basi, ikiwa "credit" ni imani, imewezaje kuwa deni katika duka na akiba katika benki? Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea, tena si wanafunzi tu. Tafadhali tusome polepole.

Deni lina watu wawili siku zote: adaiye na adaiwaye. Ni kama mlango mmoja: aliye ndani asema wafunguka kwa nje, aliye nje asema wafunguka kuelekea kwake, na mlango ni uleule. Mwenye duka akinipa sukari kwa imani, mimi nimepata "credit", nami ni mdaiwa. Lakini nikipeleka dola 100 benki, ni nani amemwamini mwenziwe? Ni mimi niliyeiamini benki! Fedha zimo mikononi mwake, nami nimebaki na karatasi au namba katika simu. Benki ndiyo mdaiwa wangu, mimi ndimi mdai wake. Ndiyo maana benki, katika daftari zake, huziandika fedha zangu upande wa "credit". Daftari ni yake, si yangu. Yaandika: huyu ametuamini kwa dola 100. Na siku nitakapotoa dola 30, itaandika upande wa pili, upande wa "debit".

Tukiisha kulishika jambo hili moja, kwamba benki husema kwa kinywa chake yenyewe, mengine yote hufunguka. Karatasi ya mchuuzi wetu ni vilevile. Mwenye duka aliandika katika daftari lake: mtu huyu sasa anatuwia dola 180. Wabelgiji huiita karatasi hiyo "note de crédit", na Wafaransa wengine husema "avoir" tu, yaani "kilicho chako". Laiti mwenye duka angaliandika "avoir", mbuzi angalikuwa zizini mpaka leo.

Desturi ya kugawa daftari pande mbili si ya jana. Wafanya biashara wa Italia waliitumia tangu zamani, na mtu aliyeieleza kwa chapa hata ikaenea Ulaya alikuwa mtawa wa Mtakatifu Fransisko, Padri Luca Pacioli. Kitabu chake kikubwa cha hesabu kilipigwa chapa Venezia mwaka 1494. Humo alifundisha kwamba kila jambo la fedha huandikwa mara mbili: mara moja kwa yule aliyepokea, mara moja kwa yule aliyetoa, na mwishoni pande zote mbili sharti zilingane. Hata leo, katika kila ofisi ya hesabu, "debit" hukaa mkono wa kushoto na "credit" mkono wa kuume. Hakuna siri nyingine katika kushoto na kuume. Mwanafunzi asitafute humo baraka wala laana.

Tumelitaja neno "debit". Hili nalo ni la Kilatini, "debitum", yaani kinachopasa kulipwa. Mliosali Baba Yetu kwa Kilatini mnalijua, kwa maana makosa tuombayo kusamehewa yaitwa humo "debita", madeni, na wale waliotukosea waitwa wadeni wetu. Kutoka shina hilo Kiingereza kimepata ndugu wawili wasiofanana kinywani. "Debit" hutamkwa pamoja na b yake. Bali "debt", ambalo ndilo neno la kawaida la deni, hutamkwa "det", na b haisikiki kabisa. Wahenga wa Kiingereza waliandika "dette" kama Wafaransa. Baadaye wataalamu wakaiingiza b katika maandishi ili kuonyesha kwamba wanajua Kilatini. Watu wa sokoni hawakuwafuata. Kwa hiyo mwanafunzi anayetamka b katika "debt" anajitaabisha kwa ajili ya kiburi cha watu waliokufa zamani. Na kwa "credit", tofauti na Kifaransa, t ya mwisho husikika, na sauti hupandishwa mwanzoni: KRE-dit.

Sasa tutazame matumizi.

"On credit" ni kwa mkopo: kununua leo na kulipa kesho. "In credit" ni kinyume: hesabu yako benki ina kitu ndani, hudaiwi. Ona jinsi herufi moja tu inavyomgeuza maskini kuwa tajiri! Mwanafunzi aandikaye "I bought the bicycle in credit" amekosa. Sharti "on credit".

Kama kitendo, Kiingereza husema: "credit an account with 50 dollars", yaani kuingiza dola 50 katika hesabu ya mtu, au "credit 50 dollars to an account", maana ni ileile. Ukiona katika simu "Your account has been credited", shukuru: umeingiziwa. Ukiona "debited", umetolewa. Ujumbe wa namna hii umekuwa jambo la kila siku katika Afrika ya Mashariki tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, na kwetu Kongo fedha za simu zimeingia hata vijijini.

Lakini hapa twataka kuwaonya hasa mama zetu wauzao sokoni. Wezi nao wamejifunza neno hili. Humwandikia mtu kwamba hesabu yake imekuwa "credited" dola 40; dakika chache baadaye humpigia simu kwa sauti ya kilio: "Mama, nimekosea namba, hizo ni fedha za mgonjwa wangu, nirudishie." Mama mwenye huruma hutuma dola 40, na kumbe hakuna kilichoingia kamwe, ujumbe wa kwanza uliandikwa na mwizi mwenyewe. Usisadiki ujumbe, hata ukiwa na Kiingereza kizuri. Tazama kwanza salio lako mwenyewe, ambalo Kiingereza hukiita "balance". Kama fedha ziliingia kweli kwa makosa, mwambie mtu huyo aende kwa kampuni ya simu, nayo itazirudisha kwa njia yake. Aliyekosea kweli hatakasirika; mwizi ndiye atakayetukana.

Kadi za benki pia huchanganya watu. "Debit card" huchota katika fedha zako mwenyewe, zikiisha, imekwisha. "Credit card" ni kadi ya kukopa: benki yakulipia kwanza, nawe wailipa baadaye, na ukichelewa waongeza riba. Kadi mashuhuri ya namna hii ilianza huko Fresno, California, mwaka 1958, ambapo Bank of America iliwapelekea watu wa mji ule kadi kwa posta bila wao kuziomba. Tangu 1976 yaitwa Visa. Kijana apewaye kadi mjini na aulize jambo moja tu kabla ya kuipokea: fedha hizi ni za nani?

"Credit" ya kuongea kwa simu ni rahisi zaidi, ingawa jina lake ni la ajabu. Mtu analipa kwanza, kisha anaongea. Kwa hiyo si yeye aliyekopa, bali ndiye anayeiwia kampuni dakika zake. Ni mfano uleule wa mchuuzi wetu na sahani zake.

Hatuwezi kupita bila kutaja "credit union", yaani chama cha akiba na mikopo. Watu wa mtaa mmoja, au wa parokia moja, huweka akiba pamoja na kukopeshana wao kwa wao, kwa sababu wanajuana. Hapa neno limerudi karibu kabisa na shina lake. Bwana Raiffeisen alianza kazi ya namna hii vijijini Ujerumani katika karne ya 19. Bwana Alphonse Desjardins akaianza mwaka 1900 huko Lévis, Kanada. Na chama cha kwanza cha Marekani kilizaliwa mwaka 1908 katika parokia ya Mtakatifu Maria mjini Manchester, jimbo la New Hampshire, kwa msaada wa paroko wao, Monsinyori Pierre Hévey. Waamini wake walikuwa wafanya kazi wa viwanda vya nguo, wenye asili ya Kanada na kusema Kifaransa. Mama zetu washirikio likelemba wasidhani kwamba wanafanya jambo dogo. Tofauti iliyopo ni kwamba chama huandika, na likelemba hukumbuka kwa kichwa. Na kichwa, twajua, husahau upesi kile kinachodaiwa kwake.

Kuna maana nyingine zisizo za fedha, nasi tutazigusa tu. "Credit" ni sifa impasayo mtu kwa kazi aliyoitenda. "To her credit, she paid everything": ni sifa yake kwamba alilipa yote. "He is a credit to his family": ni heshima ya jamaa yake. Angalia hapo "a" ndogo. Katika fedha mara nyingi hatuitii, twasema "credit" tu. Chuoni, "credits" kwa wingi ni vipimo vya masomo aliyoyamaliza mwanafunzi. Na katika vyeti vya Uganda vya kidato cha nne, kabla ya mtihani wa mwaka 2024 kuleta alama mpya, "Credit" ilikuwa daraja ya ufaulu mzuri, kati ya "Distinction" na "Pass". Twamjua baba mmoja aliyepokea cheti cha mwanawe chenye "Credit" sita, akaketi chini kwa huzuni, akauliza mtoto amekopa nini kwa mwalimu kila somo!

Neno moja la mwisho kwa wanafunzi, maana kosa hili twaliona kila juma katika madaftari. Kiswahili kina "kopa" na "kopesha", shina moja, na mwisho wa neno huonyesha ni nani atoaye. Kiingereza kina maneno mawili yasiyo na undugu: "borrow" ni kukopa, "lend" ni kukopesha. Kwa hiyo usiseme kamwe "Borrow me your pen". Sema "Lend me your pen". Hukopa kutoka kwa mtu, "borrow from". Humkopesha mtu, "lend to". Tena Kiswahili hutenga kuazima na kukopa: jembe waliazima na kulirudisha lilelile, bali unga waukopa na kuurudisha mwingine. Kiingereza hakijui tofauti hiyo nzuri. Nacho kina umaskini wake.

Na mchuuzi wetu? Barua ya kuomba muda hatukuiandika. Badala yake tuliandika mistari mitatu kumkumbusha mwenye duka juu ya karatasi yake, tukamwambia: "Baba, nenda nayo." Alisitasita siku mbili, kwa maana aliyeogopa mlango miezi minane haufungui kwa siku moja. Alipofika Kampala, mwenye duka alimpokea kwa furaha, akamwuliza kwa nini alikuwa amepotea. Dola zake 180 zilikuwa zimeandikwa katika daftari siku zote, ukurasa wake, upande wa kuume. Hakuchukua tena sahani. Alichukua mabeseni ya plastiki, ambayo hayapasuki njiani. Na kopo lile lenye dola 120 lilifunguliwa Jumatatu asubuhi, mbele ya binti, aliyekuwa amekwisha kuvaa sare yake.